Kompyuta Ipi Itatufaa: Intel au AMD?

Muhula huu hapana neno lililowagawa wanafunzi wa shule yetu kama swali hili la kompyuta. Tangu tuliposikia kwamba Bodi ya Shule na wazazi wanafikiri kununua mashine nyingine kwa ajili ya chumba chetu cha kompyuta, mabweni yamekuwa makundi mawili. Kundi moja lasema, "Intel, au tusinunue kabisa." La pili lasema, "Intel ni jina tu. Kompyuta ni AMD." Mdahalo wa Jumamosi juu ya jambo hilo uliendelea mpaka kengele ya kulala, na hata taa zilipozimwa watu walizidi kubishana kitanda kwa kitanda, utadhani ni Simba na Yanga.

Nimezisikiliza pande zote mbili, nami naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nitoe shauri langu. Nasema kwamba ugomvi huu tunagombana mahali pasipo pake. Jina la kampuni ni jambo la mwisho la kuuliza, wala si la kwanza. La kwanza ni kazi, la pili ni umri wa mashine, la tatu ni umeme, na la nne ni fundi. Mwenye kuyajua hayo manne atanunua kompyuta njema, iwe ya Intel iwe ya AMD. Asiyeyajua atauziwa mbuzi ndani ya gunia, hata gunia lenyewe likiandikwa jina zuri namna gani.

Labda mtu atauliza, "Jambo hili lina uzito gani hata liandikwe gazetini?" Namjibu kwamba lina uzito wa gunia la viazi. Wazazi wetu wengi ni wakulima. Wengine hulima viazi na mahindi huko Umalila na Uyole, wengine huchuma chai Rungwe na Mufindi, wengine hupasua mbao Mafinga. Fedha watakayoichanga kwa hiari yao ni fedha iliyotoka katika jasho, na haifai kupotezwa kwa sababu ya ubishi wa vijana. Tena sisi wanafunzi wa bweni haturuhusiwi kuwa na simu. Kwa wengi wetu chumba kile cha kompyuta ndicho mlango pekee wa kuingilia katika elimu hiyo. Mwanafunzi aliyetoka kijijini Kilolo, ambaye kwao hakuna kompyuta, akikuta mashine haziwaki hana pengine pa kwenda kujifunza.

Kwanza yafaa tuelewane tunabishania kitu gani. Prosesa, ambayo vitabu vingine huiita kichakataji, ni kipande kidogo kisichozidi sana kisanduku cha kiberiti kwa upana. Ndani yake mna swichi ndogo mno ziitwazo transista. Prosesa ya kwanza ya Intel kuuzwa madukani, ile 4004 ya mwaka 1971, ilikuwa na transista 2,300 hivi. Za siku hizi zina mabilioni. Kazi yake ni kusoma amri moja moja na kuzitimiza: kujumlisha, kulinganisha, kuhamisha. Maandishi yote tuyaonayo kwenye kioo, hesabu zote na picha zote, hupita kwake.

Kila aliyesafiri katika barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma ameyaona malori yakipanda mlima Kitonga, mkoani Iringa. Prosesa ndiyo injini ya lori lile. Lakini lori halipandi Kitonga kwa injini peke yake. Lataka matairi, lataka breki, na lataka mzigo usiozidi. Kadhalika kompyuta yataka RAM, yaani kumbukumbu ya muda, ambayo ni kama meza ya kufanyia kazi; meza ikiwa ndogo, vitu huanguka. Yataka na ghala ya kuwekea kazi, na ghala ya kisasa iitwayo SSD ni nyepesi kuliko diski ya zamani izungukayo mara nyingi sana. Mashine yenye prosesa nzuri na RAM ya GB 2 na diski ya zamani ni lori lenye injini kubwa na matairi yaliyoishiwa upepo. Kumbe wengi wetu tukiona kompyuta imekwama husema, "Ni hiyo AMD," au "Ni hiyo Intel," na kosa liko kwenye matairi.

Sasa tuzitazame nyumba hizi mbili zinazogombewa. Intel ilianzishwa mwaka 1968 na Robert Noyce na Gordon Moore huko California, Marekani. AMD ikaanzishwa mwaka uliofuata, 1969, na Jerry Sanders pamoja na wenziwe, huko huko California. Waanzilishi hao walikuwa wametoka katika kampuni moja iitwayo Fairchild. Kwa hiyo ni kama ndugu waliotoka boma moja wakaenda kujenga mbalimbali. Mwaka 1981 kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake ndogo ya mezani, ilitumia prosesa ya Intel. Lakini IBM haikupenda kumtegemea muuzaji mmoja tu kwa kitu kikubwa kama hicho. Ndiyo sababu mwaka 1982 Intel ikapatana na AMD kwamba AMD nayo itengeneze prosesa za namna ile ile. Baadaye mapatano hayo yakavunjika, wakapelekana mahakamani kwa miaka mingi, mpaka wakasuluhishana mwaka 1995. Hata jina la Pentium, tulisikialo mpaka leo, lilitokana na mashindano hayo. Kabla yake prosesa zilijulikana kwa tarakimu tu, 386 na 486, na tarakimu haziwezi kuwa mali ya mtu. Kwa hiyo mwaka 1993 Intel ikabuni jina ambalo mwenzake hawezi kulitumia.

Jambo moja nataka wenzangu wa kundi la Intel walisikie. Mwaka 2003 AMD ilitoa prosesa za biti 64 zilizoweza kuendesha programu mpya na za zamani pia, na Intel ikaifuata njia hiyo hiyo. Mpaka leo, mtu akipakua Ubuntu ili aiweke katika kompyuta yenye prosesa ya Intel, ataona faili lake limeandikwa "amd64". Nao wa kundi la AMD wasisahau kwamba lugha ya msingi inayosemwa na prosesa zao ilianza na 8086, iliyotolewa na Intel mwaka 1978. Kila mmoja amemwazima mwenziwe. Ndiyo maana programu ziendazo katika Intel huenda katika AMD, na mwanafunzi aliyejifunzia moja hapotei akikaa mbele ya nyingine.

Wapo wasemao kwamba AMD hupata moto sana. Ni kweli kwamba AMD iliwahi kutoa prosesa yenye moto mwingi: FX-9590 ya mwaka 2013 iliandikiwa wati 220. Lakini Core i9-14900K ya Intel ya mwaka 2023 yaweza kufika wati 253. Wapo wasemao kwamba Intel haiharibiki. Mwaka 1994 Pentium iligunduliwa kuwa yakosea katika hesabu fulani za kugawanya, na Intel ikalazimika kutenga dola milioni 475 kwa ajili ya kosa hilo. Mwaka 2023 baadhi ya prosesa mpya za AMD ziliungua kwa volteji iliyozidi. Mwaka 2024 Intel ikaongeza miaka miwili katika dhamana ya prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14, kwa sababu nyingine zilikuwa zikiharibika. Basi ni nani awezaye kusimama mdahaloni na kuapa kwamba nyumba yake haina doa?

Hata hivyo sisemi kwamba ingekuwa heri moja ya kampuni hizi ife ili ubishi uishe. La, hasha! Ni heri yetu kwamba ziko mbili. Baada ya mwaka 2011 AMD ilidhoofika sana, na katika miaka hiyo kompyuta za kawaida za mezani za Intel zilibaki na viini vinne tu hata katika prosesa bora za kundi lile. Mwanzoni mwa mwaka 2017 AMD ikatoa Ryzen yenye viini nane. Kabla ya mwaka huo kwisha, Intel nayo ikatoa za viini sita kwa watu wa kawaida. Mambo hayo twayaona hata hapa kwetu: wachuuzi wawili wa nyanya wakikaa jirani sokoni, mnunuzi hupata fungu kubwa. Mzazi wa Mafinga ambaye hajawahi kulisikia jina la AMD amefaidika kwa kuwapo kwake.

Sasa naja katika jambo kubwa, yaani umri wa mashine. Kompyuta nyingi zinazofika katika maduka ya miji yetu ni zile zilizokwisha kutumika katika maofisi ya nchi za nje. Hilo si kosa. Mashine iliyotumika yaweza kuwa njema sana. Hatari ni kwamba muuzaji atakuambia, "Hii ni Core i7," naye atanyamaza hapo. Mnunuzi husikia saba, akaona ni kubwa kuliko tano, akatoa fedha.

Tuchukue mfano. Core i7-620M ya kompyuta mpakato ilitoka mwaka 2010. Ina viini viwili, na imeandikiwa wati 35. Core i5-8250U ilitoka mwaka 2017. Ina viini vinne, na imeandikiwa wati 15. Hii "tano" yafanya kazi nyingi kuliko ile "saba", nayo yala umeme kidogo. Herufi i3, i5 na i7 huonyesha cheo cha prosesa miongoni mwa wenzake wa rika moja tu. Kaka mkubwa wa Darasa la Tano hamshindi mdogo wa Kidato cha Tatu katika hesabu, ingawa darasani kwake yeye ndiye wa kwanza.

Rika lenyewe huonekana katika tarakimu zifuatazo. Katika i5-2400, tarakimu ya kwanza ni 2, yaani kizazi cha pili. Katika i5-8500 ni kizazi cha nane. Tarakimu zikiwa tano, kama i5-10400, soma mbili za kwanza: ni kizazi cha kumi. Lakini jihadhari na i5-1135G7. Hiyo si ya kizazi cha kwanza, ni ya kumi na moja. Kwa AMD nako kuna mitego. Ryzen 5 7520U yaonekana mpya kwa sababu ya ile 7, lakini katika hesabu ya AMD ya wakati ule tarakimu ya tatu ndiyo iliyoonyesha umbo la ndani, na hapo ni 2, yaani Zen 2, umbo lililotoka mwaka 2019. Tena yapo maneno ya mkiani. U ni ya kompyuta mpakato isiyokula umeme mwingi, na H ni ya mpakato yenye nguvu zaidi. Kwa Intel za mezani, T ni ya umeme mdogo, na F haina sehemu ya kuonyesha picha. Mwenye kununua F bila kadi ya picha atapata kioo cheusi. Kampuni zote mbili zimeifanya hesabu hii kuwa ngumu kuliko ilivyopasa, na kwa hilo hapana wa kumsifu.

Tusiogope. Dukani, mwombe muuzaji aiwashe kompyuta, ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na herufi R, uandike msinfo32, kisha ubonyeze Enter. Jina kamili la prosesa litatokea, pamoja na kiasi cha RAM. Liandike katika karatasi, ukatafute mwaka wake kabla ya kulipa. Muuzaji asiyekubali mashine yake iwashwe amekwisha kukupa jibu.

Mkulima wa Uyole ametutangulia katika elimu hii. Akienda kununua mbegu hasemi, "Nipe mahindi." Ataitaja mbegu kwa jina na tarakimu zake, kama UH615 au UH6303 zilizotoka katika kituo cha utafiti cha hapo hapo Uyole, kwa maana anajua kwamba mbegu ya nyanda za juu sio ya Bonde la Usangu. Hutazama na mwaka ulioandikwa kwenye mfuko. Kama baba na mama zetu waweza kuwa waangalifu hivyo kwa mfuko wa kilo chache, sisi tusomao tutashindwaje kwa mashine ya mamia ya maelfu ya shilingi?

Baada ya umri, tuulize kazi. Katika chumba chetu tunajifunza kuandika kwa taipu, kutengeneza majedwali ya hesabu, kutunza kumbukumbu, kutengeneza kurasa za tovuti, na kuanza kuandika programu ndogo. Hapana hata moja kati ya kazi hizo inayodai prosesa kubwa. Najua kwamba ubishi mwingi wa bwenini hauhusu kazi hizi. Wahusu michezo ya video, ambako sehemu ya picha ina maana kubwa. Michezo ni kitu kizuri wakati wake, lakini wazazi hawachangi kwa ajili hiyo.

Hata hivyo kazi ndogo haitupi ruhusa ya kununua mashine kuukuu kupita kiasi. Microsoft ilitangaza tarehe 14 Oktoba 2025 kuwa mwisho wa huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11, kwa masharti yake, yataka kwa kawaida prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au baadaye, au Ryzen za mlolongo wa 2000 na kuendelea, ingawa si zote za mlolongo huo zimekubaliwa. Yataka na RAM ya GB 4 kwa uchache, pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Mtu auzaye leo Core i5 ya kizazi cha pili au cha tatu kwa bei kubwa anauza mashine ambayo mlango wa mbele umekwisha kufungwa. Haifi siku hiyo, lakini haipati tena masahihisho ya kuilinda, na chumba cha shule, ambamo kila mtu huja na flashi yake, ni mahali virusi vipendapo sana.

Wala sisemi mashine zetu za zamani zitupwe. Uko mfumo wa Linux, usiolipiwa. Mmoja ujulikanao sana ni Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Ipo na aina ya Linux iliyo nyepesi zaidi, na kompyuta ambayo Windows 11 imeikataa yaweza kuendelea nayo kwa miaka kadhaa, watu wakijifunza kuandika kwa taipu na kuandika programu. Kuweka SSD ndogo na kuongeza RAM kutaifufua mashine kuliko kubishana juu ya prosesa yake.

Jambo la tatu ni umeme. Tufanye hesabu, maana hesabu haina kundi. Tuseme tuna kompyuta 20 za mezani, na kila moja pamoja na kioo chake yala wati 80. Kwa saa 6 kila siku ni uniti 9.6, na kwa siku 20 za masomo ni uniti 192 kwa mwezi. Tuseme badala yake tuna mpakato 20, kila moja yala wati 30. Kwa saa zile zile ni uniti 3.6 kwa siku, yaani 72 kwa mwezi. Tofauti ni uniti 120 kila mwezi, na kila uniti hulipiwa. Tena umeme ukikatika, za mezani zataka jenereta ya kubeba wati 1,600, lakini za mpakato zataka wati 600 tu, nazo zina betri ya kumwezesha mwanafunzi kuhifadhi kazi yake. Mto Ruaha Mkuu, uteremkao kutoka nyanda zetu, huendesha mitambo ya Mtera na Kidatu. Lakini kuwa karibu na maji ya umeme hakujatuepusha na giza la ghafla.

La nne ni fundi. Prosesa ya mpakato ya siku hizi imeunganishwa kabisa na ubao wake, haibadilishwi. Lakini betri, feni, kibodi na SSD hubadilishwa. Kwa hiyo shule inunue mashine za namna moja. Kompyuta 15 za namna moja ni bora kuliko 15 za namna tisa, kwa sababu moja ikifa itatoa vipuri kwa wenzake, na mwalimu atajifunza ugonjwa mmoja badala ya tisa. Kabla ya kununua, tumwulize fundi wa Mbeya au wa Iringa ni mashine ipi ambayo vipuri vyake anavyo rafuni, si ipi aisifuyo. Baridi yetu ya Juni na Julai haiidhuru kompyuta, lakini vumbi la Septemba na Oktoba ni adui mkubwa. Feni isiyopanguswa huichemsha Intel na AMD bila ubaguzi.

Nchi yetu imekwisha kupata somo katika mambo haya. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, miaka mitatu kabla Intel haijazaliwa. Fedha nyingi zilitumika, wataalamu wetu walikuwa wachache mno, na matunda yaliyotazamiwa hayakuonekana. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na ilichukua miaka mingi kabla mlango haujafunguliwa tena. Hapana anayeweza kusema kwamba shida ile ilitokana na chapa ya mashine. Mashine ilikuja mbele, na watu wa kuiendesha na kuitunza wakaja nyuma. Shule yaweza kulirudia kosa hilo hilo kwa kipimo kidogo.

Najua nitajibiwa kwa methali: "Mchagua jembe si mkulima." Ni methali ya kweli. Mwanafunzi mvivu atalaumu kompyuta mpaka siku ya mtihani, na mwenye bidii atajifunza hata kwa mashine ya polepole. Lakini methali hiyo yamkemea asiyetaka kulima. Haimwambii mzazi anunue jembe lililopasuka. Mkulima mwenye bidii, akiwa na fedha ya jembe moja tu kwa miaka mitano, ataligonga kwa kidole asikie mlio wake.

Nitajibiwa tena: "Heri kompyuta 20 kuukuu kuliko 10 nzuri, maana sisi tu wengi." Hoja hii ni nzito, kwa kuwa leo tunakaa watatu watatu katika mashine moja. Lakini tuseme zile 20 zadumu miaka miwili na zile 10 zadumu mitano. Mwaka wa tatu wenye 20 hawana kitu, na wenye 10 wanaendelea kusoma kwa zamu. Nami naona watatu katika mashine iwakayo hujifunza zaidi kuliko mmoja mbele ya kioo cheusi.

Basi shauri langu kwa Bodi, kwa Mkuu wa Shule na kwa wazazi wetu ni hili. Tununue mpakato zilizotumika za namna moja, zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, au Ryzen iliyomo katika orodha ya Microsoft ya Windows 11, zenye RAM ya GB 8 na SSD. Katika hizo, tuchukue zile ambazo kwa bei ile ile ni changa zaidi na zina dhamana ya maandishi. Zikiwa za AMD, tusizikatae. Zikiwa za Intel, tusijivune. Tumwombe mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya azitazame kabla fedha haijatoka. Za zamani tuziwekee Linux. Na fungu kidogo libaki kwa ajili ya betri, feni na mafundisho ya walimu.

Sisi wa Kidato cha Nne tutafanya mtihani wetu Novemba na kwenda zetu. Huenda tusizitumie mashine hizo hata siku moja. Watakaozitumia ni wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza, ambao mdahaloni walikaa nyuma wakapiga makofi kwa kila aliyepaza sauti. Naomba wao wapewe kompyuta itakayowaka mpaka nao wafike Kidato cha Nne. Kibandiko kilicho juu yake watakitazama siku ya kwanza tu, kisha watakisahau, kwa kuwa watakuwa na kazi ya kufanya.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne